Kuchagua na Kununua VNA ya USB ya Bei Nafuu

VNA (vector network analyzer) ni mashine inayotuma wimbi la redio kwenye antena, kichujio au kebo, kisha kupima kinachorudi na kinachopita. Kabla ya kufungua tangazo lolote la muuzaji, chukua karatasi uandike vitu vitatu au vinne utakavyovipima kweli. Ni antena ya 7 MHz? Kichujio cha 433 MHz? Kebo ya mita 30 unayoshuku imeharibika katikati? Antena ya Wi-Fi ya 5.8 GHz? Mbele ya kila kimoja andika masafa yake, na kama unataka kujua kinachorudi tu au pia kinachopita. Karatasi hiyo ndiyo itakuchagulia mashine. Wanunuzi wengi huangalia namba moja, yaani masafa ya juu kabisa yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, na kati ya namba zote hiyo ndiyo isiyosema mengi.

VNA hutoa wimbi la masafa yanayojulikana kupitia poti 1, kisha hulinganisha ukubwa na fezi (mkao ndani ya mzunguko) ya wimbi lililokwenda na lililorudi. Uwiano huo ni S11, na humo ndimo zinamotoka SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo), impidansi (ukinzani kwa mkondo wa masafa hayo) na chati ya Smith (duara la kuchorea impidansi). Wimbi likipita kwenye kifaa na kutokea poti 2, uwiano wake ni S21, ndio unaokuonyesha kichujio kinapitisha nini na amplifaya inakuza kwa kiasi gani. Mwenye kazi ya antena peke yake anahitaji S11 tu. Mwenye vichujio anahitaji S21 safi, na hapo ndipo mashine za bei ya chini huanza kutofautiana.

Namba zinazofaa kulinganishwa

Kila VNA ina sakafu ya kelele, kiwango ambacho chini yake haioni tena ishara bali mchirizo unaochezacheza. Umbali kati ya ishara iliyopita moja kwa moja kutoka poti 1 hadi poti 2 na sakafu hiyo ndio upana wa kupimia, na huandikwa kwa desibeli. Kwa antena, 40 dB inatosha. Kwa kichujio cha kawaida tafuta 60 hadi 70. Dupleksa ya ripita (kichujio kinachotenganisha kurusha na kupokea kwenye kituo cha kurudia mawimbi) inayotakiwa kuzuia kwa 80 au 90 dB haipimiki kwa mashine ya 70 dB: bonde la kichujio litaonekana limekatwa chini, na unachokisoma hapo ni kelele ya mashine yenyewe.

Upana huo haulingani kwenye masafa yote, na hili tangazo huliruka. Chukua mfano wa NanoVNA ya kawaida, VNA ndogo ya kuanzia. Chipu inayozalisha mawimbi, Si5351, inatumika yenyewe hadi karibu 300 MHz. Kutoka hapo kwenda juu mashine hutegemea hamoniki, yaani masafa yaliyo mara mbili, tatu na kuendelea ya masafa ya msingi: wimbi la chipu ni la pembe mraba, kwa hiyo ndani yake mna hamoniki ya tatu, ya tano, na kuendelea. Hamoniki ya tatu ni dhaifu kwa takriban 9.5 dB kuliko wimbi la msingi, ya tano kwa 14 dB, na mikisa (kichanganya mawimbi) ya upande wa kupokea nayo hufanya kazi kwa hamoniki, hivyo hasara inajumlishwa. Matokeo yake, mashine yenye takriban 70 dB chini ya 300 MHz hubaki na takriban 40 dB inapofika ukingo wake wa juu. Ukipima kichujio cha 1.2 GHz kwa mashine ya hivyo utaona mstari mnene wenye manyoya, hata kama kichujio ni kizima. Kwa hiyo muulize muuzaji upana wa kupimia kwenye masafa *yako*. Asipojua, tafuta picha ya S21 ya mashine hiyohiyo ikiwa na lodi (kizuizi cha omu 50 kinachomeza wimbi) kwenye poti zote mbili. Mahali mstari ulipolala ndipo sakafu ilipo.

Namba ya pili ni idadi ya risiva (sehemu zinazopokea ishara) na mwelekeo wa kupima. Nyingi za bei ya chini hupima upande mmoja tu: S11 na S21. Ukitaka S22 na S12, unafungua kifaa unachopima, unakigeuza, unakifunga tena. Kwa kazi ya kawaida hilo halina tatizo. Tatizo lenyewe ni kwamba mashine ya upande mmoja haiwezi kusahihisha kikamilifu kasoro ya poti 2. Poti 2 isipokuwa omu 50 sawasawa, sehemu ya wimbi hurudi nyuma, hugonga kichujio, huenda tena, na mstari wa S21 hutokea na mawimbi madogo ambayo kichujio hakina. Dawa ipo na ni rahisi: funga atenueta (kijenzi kinachopunguza ishara) ya 10 dB kwenye poti 2 *kabla* ya kalibresheni (kuifundisha mashine kwa vitu vinavyojulikana) na uiache hapo. Wimbi linalorudi hupunguzwa mara mbili, likienda na likirudi, hivyo kasoro hupungua kwa hadi 20 dB, nawe umelipa 10 dB ya upana wa kupimia. Mwenye 70 dB anaweza kumudu hilo. Mwenye 40 dB hawezi.

Ya tatu ni idadi ya pointi. NanoVNA za mwanzo hupima pointi 101. Ukiiweka ipime kutoka 50 kHz hadi 900 MHz, umbali kati ya pointi na pointi ni karibu 9 MHz. Antena ya bendi ya 7 MHz yenye upana wa kHz mia kadhaa itakaa katikati ya pointi mbili na mashine haitaiona kabisa, na wengi hudhani antena imekufa. Kwa antena, punguza upana wa masafa uzingatie bendi. Kwa kristali ya 10 MHz, upana wa 10 kHz hukupa hatua ya 100 Hz, ndipo kilele kinapojitokeza.

Pointi huamua pia umbali wa kebo unaoweza kukaguliwa kwa kutafuta mahali palipoharibika. Hesabu yake ni hii: zidisha kasi ya mwanga kwa kigezo cha kasi cha kebo (sehemu ya kasi ya mwanga ambayo wimbi husafiri nayo ndani yake), kisha gawa kwa mara mbili ya hatua ya masafa. Kebo ya kigezo 0.66, pointi 101, hadi 900 MHz: 300,000,000 × 0.66 ÷ (2 × 9,000,000) = mita 11. Kebo ya mita 30 haimo humo, na tatizo lililo mita ya 25 litaonekana mahali pasipo pake. Kwa pointi 401 unafika mita 44. Unaweza pia kushusha mwisho wa masafa hadi 300 MHz, ukafika mita 33 kwa pointi zilezile 101, ila uwezo wa kutenganisha kasoro mbili zilizo jirani utashuka kutoka sentimita 11 hadi 33. Kwa kebo ya nje hilo linakubalika.

Nne, upana wa bendi ya risiva, yaani kipande cha masafa ambacho risiva husikiliza kwa mara moja. Ukiweza kuupunguza mara kumi, sakafu ya kelele inashuka kwa 10 dB na upimaji unachukua muda kama mara kumi. Mashine isiyokuruhusu kuubadilisha imekufungia mlango huo.

Mashine zenyewe, kutoka chini kwenda juu

NanoVNA-H na H4 ndizo za kuanzia. Zina skrini ya kugusa na betri, na zikichomekwa kwenye kompyuta kwa USB hufanya kazi kama poti ya siriali. H ina skrini ya inchi 2.8, H4 ya inchi 4. Kama macho yako hayapendi herufi ndogo, ongeza fedha uchukue H4. Pia huenda hadi pointi 401, na tumeona hapo juu pointi hizo zina kazi gani. Kwa antena za HF (3 hadi 30 MHz), VHF (30 hadi 300 MHz) na 433 MHz, koili, kristali, na kebo, H4 inakutosha kwa miaka. Tangazo likisema inafika 1.5 GHz, ni kweli inafika, lakini juu ya 900 MHz itumie kwa S11 ya antena, usiitegemee kwa vichujio.

NanoVNA V2, inayojulikana pia kama S-A-A-2, ni mashine tofauti kabisa ndani, ingawa jina linafanana. Inatumia chipu nyingine ya kuzalisha mawimbi kwa masafa ya juu badala ya kutegemea hamoniki, kwa hiyo inafika 3 GHz ikiwa bado na nguvu. Toleo la V2 Plus4 limepanuliwa hadi 4 GHz na zaidi kidogo, likiwa na upana wa kupimia mkubwa kuliko mdogo wake. Mwenye kazi za 868 MHz, 1.2 GHz au 2.4 GHz aanzie hapa. Jina hili ndilo lenye nakala nyingi za ovyo, nitarudi kwake.

LiteVNA 64 inafika 6.3 GHz, ina skrini na betri, na inapima S11 na S21 tu. Kwa antena za 5.8 GHz ni chaguo zuri kwa bei yake. Usitarajie upana wa kupimia pale juu ulingane na ule wa 1 GHz.

LibreVNA ndiyo ya kwanza kwenye orodha hii isiyo na skrini: ni kisanduku cha USB, programu iko kwenye kompyuta, na inapima pande zote mbili, S11, S21, S12 na S22, kutoka 100 kHz hadi 6 GHz. Michoro yake na programu yake ni huria, programu inaenda kwenye Windows, Linux na macOS, na inapokea amri za SCPI (lugha sanifu ya kuendesha vyombo vya kupimia) kutoka kwa programu nyingine, jambo zuri kwa anayetaka vipimo vijiendeshe vyenyewe. Ukiwa na benchi, ukipima vichujio na amplifaya kila wiki, hii ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo mweupe. Ukiwa mtu wa kupanda paa kupima antena, siyo yako. Kubeba kompyuta juu ya ngazi ni hatari na ni usumbufu.

VNWA 3 ya DG8SAQ (alama ya redio ya mbunifu wake) ni ya zamani kidogo, kutoka 1 kHz hadi 1.3 GHz, upande mmoja. Faida yake ni chini: 1 kHz ni masafa ambayo hizo nyingine hazifiki, na programu yake ni pana na imekomaa. Kwa wanaopima transfoma, feraiti, kristali na vichujio vya HF, bado ni mashine ya heshima, ila bei yake ni mara kadhaa ya NanoVNA. Juu yake zaidi kuna visanduku vya maabara kama PicoVNA 106, chenye risiva nne, 300 kHz hadi 6 GHz na upana wa kupimia unaozidi 100 dB. Hivyo ni bei ya ngazi nyingine. Vitaje tu ili ujue ngazi inaishia wapi.

USB ina mambo yake

Kebo ya kuchajia simu isiyo na nyaya za data ndiyo sababu ya kwanza ya watu kurudisha mashine isiyo na kasoro. Skrini inawaka, betri inajaa, kompyuta haioni kitu. Badilisha kebo kwanza. Windows 10 na kuendelea huitambua NanoVNA bila kuwekewa draiva. Kwenye Linux hutokea kama /dev/ttyACM0, na mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout, la sivyo programu itakataliwa.

Tundu la USB 2.0 hutoa hadi mA 500, la USB 3.0 mA 900. Kisanduku cha 6 GHz chenye risiva kadhaa kinaweza kutaka zaidi ya tundu la zamani linavyotoa, na dalili yake si kuzima: ni kupima vizuri kwa dakika mbili kisha kukatika, au sakafu ya kelele kupanda bila sababu. Tumia habu yenye umeme wake, au tundu la kuingizia umeme wa nje kama kisanduku kinalo.

Jambo la tatu huwachanganya hata wazoefu. Ukipima antena huku VNA imechomekwa kwenye kompyuta, na kompyuta kwenye chaja ya ukutani, kebo ya USB na waya wa chaja huwa sehemu ya antena. Kuna jaribio rahisi: ukiwa unaangalia S11, shika kebo ya USB kwa mkono wako wote. Mstari ukisogea, kuna mkondo unaotembea juu ya ganda la kebo, na unachopima si antena peke yake. Weka choki ya feraiti (pete inayozuia mkondo huo) kwenye kebo ya koaksia karibu na antena, nyingine kwenye kebo ya USB, au chomoa USB kabisa upime kwa betri. Kwa ajili hii, hata mwenye kisanduku cha benchi atanufaika na NanoVNA ndogo ya betri pembeni.

Programu ya NanoVNA-Saver ni ya bure na inakata upana wa masafa vipande vipande: vipande 10 vya pointi 101 ni pointi 1,010, hivyo mashine ya pointi chache inapata uhai mpya. Tahadhari moja: chagua kufanya kalibresheni ndani ya mashine *au* ndani ya programu. Zikirundikana zote mbili, ukabadilisha moja na kuisahau nyingine, vipimo vinaharibika kimyakimya. Hakikisha pia mashine unayonunua inahifadhi faili za Touchstone, .s1p na .s2p, kwa sababu hizo ndizo programu nyingine zote husoma, pamoja na maktaba ya Python iitwayo scikit-rf.

Tenga sehemu ya fedha kwa vitu vidogo

VNA inajua tu ulichoifundisha. Ukiifundisha kwa lodi mbovu, itakuwa mbovu kwa uhakika mkubwa. Ndiyo maana nasisitiza: usimalize fedha zote kwenye mashine. Kwa anayenunua NanoVNA, kiasi kama theluthi ya bei ya mashine kiende kwenye lodi nzuri, kebo nzuri na adapta.

Kalibresheni ya kawaida inahitaji vitu vinne: open (ncha wazi), shoti (ncha yenye pini iliyounganishwa na ganda), lodi ya omu 50, na kiunganishi cha kupitisha. Lodi ndiyo muhimu kuliko zote. Ipime kwa mita ya omu, ukitoa kwanza ukinzani wa nyaya za mita kwa kuzigusanisha. Ikisoma 50.5, kasoro yake ni 46 dB chini, safi. Ikisoma 52, ni 34 dB, maana yake mashine itaamini kwamba 52 ndiyo 50, na S11 yoyote chini ya −30 dB haina maana tena. Kwa antena hilo bado linavumilika: 52 dhidi ya 50 ni SWR 1.04. Kwa anayelinganisha lodi, atenueta au kebo bora, haivumiliki.

Open nayo ina siri yake. Haijawahi kuwa wazi kabisa. Ncha yake ina kapasitansi ndogo. Chukua femtofaradi 50. Kwenye 100 MHz hiyo inasogeza fezi kwa chini ya nyuzi 0.2, huwezi kuiona. Kwenye 6 GHz inasogeza karibu nyuzi 11. Kwa hiyo mwenye mashine ya 6 GHz anahitaji seti inayokuja na thamani hizo zimeandikwa, na programu inayokubali kuziingiza. Mwenye kazi za chini ya 500 MHz asisumbuke.

Kebo zinazokuja kwenye boksi mara nyingi ni nyembamba na hupitisha ishara nje. Ukizikunja baada ya kalibresheni, fezi inasogea. Tafuta RG400, au RG316 yenye nyavu mbili, fupi kadiri kazi inavyoruhusu. Sentimita 30 hadi 50 zinatosha benchi nyingi.

Kwenye SMA, konekta ndogo ya nyuzi iliyo kwenye poti za mashine hizi, angalia sana aina ya RP-SMA, ile ya antena nyingi za Wi-Fi. Kwa nje zinafanana, katikati zimegeuzwa. RP-SMA ya nati, ambayo katikati ina tundu, ukiifunga kwenye poti ya VNA ambayo pia ina tundu, nyuzi zitashika vizuri na hakutakuwa na mguso wowote: mashine itaonyesha open. Kinyume chake, pini dhidi ya pini, ukikaza unavunja. Chungulia katikati kila mara. Unapofunga, zungusha nati peke yake na ushike mwili wa konekta usizunguke, la sivyo pini inasaga tundu. Spana yenye toki ya 0.56 Nm inafaa kwa SMA za shaba. SMA ya kawaida huhesabiwa kwa mafungo 500 hivi, kwa hiyo acha adapta fupi ya dume kwa jike kwenye kila poti siku zote; ikichakaa unabadilisha hiyo, poti inabaki mpya.

Adapta za aina ya N, BNC au nyingine zifungwe *kabla* ya kalibresheni, na kalibresheni ifanyike mwishoni mwake. Adapta ya milimita 30 iliyoongezwa baadaye inaonekana kitu kidogo. Kwa kigezo cha kasi 0.7, kwenye 145 MHz inazungusha S11 kwa nyuzi 15 kwenye chati ya Smith, kwenye 2.4 GHz ni karibu nyuzi 247. SWR itabaki karibu ileile, lakini impidansi utakayosoma, ile unayotaka kuitumia kuchagua koili au kapasita ya kulinganisha, itakuwa si ya antena hata kidogo.

Kabla ya kulipa

Nakala za NanoVNA ni nyingi kwa sababu michoro ya awali ilikuwa huria, na hilo lenyewe si ubaya. Ubaya ni nakala iliyopunguzwa: isiyo na vifuniko vya bati juu ya risiva, yenye vijenzi vya umeme vya daraja la chini, au yenye skrini nzuri juu ya bodi ya zamani. Mwombe muuzaji picha ya bodi ikiwa imefunguliwa. Vifuniko vya bati viwepo juu ya sehemu ya RF. Mwombe pia picha ya skrini ya toleo, ile inayoonyesha jina la bodi na toleo la programu ya ndani. Jina la bodi likitofautiana na la tangazo, acha. Kwa V2 hasa, tafuta muuzaji aliyetajwa na watengenezaji wenyewe, maana nakala hazina ahadi yoyote ya kupata programu mpya za ndani.

Uliza kilichomo kwenye boksi: kebo mbili, open, shoti, lodi, kiunganishi cha kupitisha, na betri. Betri huondolewa mara nyingi kwa sababu ya masharti ya usafirishaji wa lithiamu kwa ndege. Ukilazimika kuiweka mwenyewe, pima kwa mita waya upi ni chanya kabla ya kuchomeka. Rangi na mpangilio wa plagi za betri ndogo haviaminiki, na kuzigeuza huua chipu ya kuchajia papo hapo.

Kwa mashine iliyotumika, swali la kwanza ni kama imewahi kuunganishwa na redio ikarushwa. Poti zake huvumilia kiasi kidogo mno: kwa nyingi, +10 dBm, yaani mW 10, ndiyo mwisho. Redio ya mkononi ya wati 5 ni mara 500 ya hapo. Mashine iliyoungua hivyo mara nyingi bado inawaka na kuchora mistari, lakini vipimo vya mwisho wa makala hii vitaiumbua.

Ikishafika

Fanya haya ukiwa bado na muda wa kurudisha. Iwashe iache dakika 15 ipate joto lake, kisha:

1. Soma toleo la bodi na la programu ya ndani, ulipige picha. Usisasishe chochote bado. Ukija kusasisha baadaye, kumbuka H na H4 zina faili tofauti, na kalibresheni inarudiwa baada ya kusasisha.

2. Weka upana wa masafa yote, fanya kalibresheni ya open, shoti, lodi na kupitisha, hifadhi. Subiri mstari utulie kila hatua kabla ya kubonyeza. Wanaoharakisha huhifadhi pointi zilizochukuliwa mkono bado uko kwenye konekta.

3. Fungua na ufunge lodi ileile tena. S11 ikae chini ya −40 dB kwenye sehemu kubwa ya masafa. Ikipanda hadi −25, fungua, safisha konekta kwa pamba na spiriti ya isopropili, rudia. Ikibaki hivyo, konekta ya poti au lodi ina kasoro.

4. Shoti iwe nukta moja ukingoni kushoto mwa chati ya Smith. Open iwe kulia, ikisogea kidogo kwa mwendo wa saa kadiri masafa yanavyopanda. Nukta ikisambaa kuwa wingu, risiva ina kelele.

5. Weka lodi kwenye poti zote mbili uone S21. Hiyo ndiyo sakafu yako. Linganisha na tangazo, kipande kwa kipande, hasa chini na juu ya 300 MHz kwa NanoVNA ya hamoniki.

6. Unganisha poti 1 na poti 2 kupitia adapta ya T, na lodi kwenye mkono wa tatu. Kwa masafa ya chini, poti 1 inaona omu 25: S11 lazima iwe −9.5 dB, SWR 2.0, na S21 −3.5 dB. Jaribio hili ni zuri kuliko yote kwa sababu halitumii kitu kile kile ulichokifanyia kalibresheni. Mashine haiwezi kujisifu yenyewe. Kwenye masafa ya juu urefu wa T unaingilia, kwa hiyo lisome chini ya 100 MHz.

7. Chukua mita 1 ya kebo ya koaksia yenye kigezo 0.66, mwisho wake ukiwa wazi. Impidansi ishuke karibu na sifuri kwenye 75 × 0.66 ÷ 1 = 49.5 MHz. Ikishuka mbali na hapo, pima upya urefu wa kebo na kigezo chake kabla ya kuilaumu mashine.

8. Huku mstari wa S11 ukiwa kwenye lodi, tikisa taratibu kila konekta na kebo ya USB. Mstari unaoruka unaonyesha lehemu mbovu kwenye poti, na hiyo ni sababu tosha ya kurudisha.

Hifadhi faili za hatua ya 5, 6 na 7 mahali salama, zikiwa na tarehe. Siku utakaposhuku poti imepigwa na umeme wa tuli kutoka kwenye antena, rudia hatua hizo tatu uzilinganishe. Na ili siku hiyo ichelewe, gusanisha pini na ganda la kebo ya antena kwa sekunde chache kabla ya kuifunga kwenye VNA, na kwa amplifaya weka atenueta ya 30 dB baada yake: −10 dBm inayoingia kwenye ukuzaji wa 20 dB hutokea ikiwa +10 dBm, ambayo tayari ni ukingo wa poti 2.